Bei ya Rafuni, Bei ya Kaunta: Mwongozo Kamili wa Kununua Chakula Bei Zikiwa Juu

Mfuko wa mchele wa kilo tano ulikuwa na lebo ya shilingi 899. Risiti ikasema 949. Niligundua nikiwa nimeshafika stendi ya matatu, mfuko uko miguuni, jua la saa saba linachoma utosi. Shilingi hamsini ni nauli yangu ya kurudi Kisauni. Nikaubeba mchele wangu nikarudi nao dukani.

Walivyonijibu nitaeleza mbele. Kwanza tukubaliane jambo moja. Hasira ya bei ya chakula hapa Kenya si ngeni, na imepitia njia nyingi. Mwaka 2011 watu waliandamana Nairobi kwa ajili ya unga, na Septemba mwaka huo Rais Kibaki akatia saini sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu. Sheria hiyo inampa Waziri wa Fedha uwezo wa kuweka kikomo cha bei, haimlazimishi. Mwaka 2017 ikaja ruzuku, pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Julai 2022, unga ukiwa umeshapita 200, ikatangazwa ruzuku nyingine, safari hii kwa bei ya 100, na aliyezunguka kuutafuta anakumbuka rafu zilivyokuwa nyeupe. Mwaka 2023 watu wakaandamana na sufuria vichwani. Ruzuku zote mbili zilikwisha, na sufuria zikarudi jikoni kungoja unga ule ule.

Sitaki kukwambia maandamano hayana maana. Hatua ya mwisho ya mwongozo huu inahusu Bunge. Lakini wewe unakwenda dukani Jumamosi hii. Kuna pesa unazopoteza kila mwezi kwa sababu hujui bei zako mwenyewe, na hizo zinarudishika.

Hatua ya 1: Fungua daftari

Daftari la shule la bei ndogo linatosha. Wengine hutumia simu, sawa tu, ila simu ikiisha chaji katikati ya duka usinilaumu.

Chagua vitu kumi hadi kumi na viwili ambavyo nyumba yako haimalizi wiki bila kuvitumia. Vyangu ni unga wa sima, unga wa ngano, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa, boflo (mkate), maharagwe, pojo (ndengu), nyanya, vitunguu na majani ya chai. Kila ukinunua, andika mambo manne: tarehe, duka, kipimo, bei. Usiandike "mafuta 300". Andika "mafuta, mililita 900, 300". Bila kipimo, hayo ni maandishi tu, huwezi kuyalinganisha na chochote.

Wiki sita zinatosha kuanza kuona mambo. Utajua duka gani lina sukari ya bei nafuu lakini linakurudishia hasara kwenye mafuta. Utajua "ofa" ipi ni bei ya mwezi jana iliyovalishwa lebo ya njano.

Daftari pia litakuondolea kichefuchefu kimoja cha habari za saa moja. Mtangazaji anasema mfumuko wa bei umeshuka, wewe unatazama kapu lako na kujiuliza kama mnaishi nchi moja. Mfumuko kushuka maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi, si kwamba zimeteremka. Tazama takwimu zenyewe za KNBS, shirika la taifa la takwimu. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 asilimia 6.9, Oktoba 2024 asilimia 2.7. Inaonekana kama habari njema mfululizo. Sasa chukua kapu la shilingi 1,000 la Oktoba 2021. Mwaka mmoja baadaye ni 1,096. Mwaka wa pili ni kama 1,172. Mwaka wa tatu, huo wa "mfumuko kushuka", ni kama 1,203. Hakuna mwaka hata mmoja kapu lilirudi nyuma. Na hilo ni kapu la taifa zima, ambamo chakula na vinywaji visivyo vileo ni karibu theluthi moja tu. Nyumba ambayo nusu ya mshahara inaishia jikoni ina kapu lake jingine, na takwimu zake ziko kwenye daftari lake.

Hatua ya 2: Soma bei kwa kilo na kwa lita, si kwa pakiti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Hesabu ni moja: gawanya bei kwa gramu (au mililita), kisha zidisha kwa 1,000. Unapata bei ya kilo au ya lita. Simu yoyote ina kikokotoo.

Anza na maziwa. Tuseme pakiti ya mililita 500 ni shilingi 60, na ya kampuni nyingine, imesimama hapo hapo jirani, ni 56. Mkono unakwenda kwenye 56. Geuza pakiti usome: mililita 450. Ya kwanza ni shilingi 120 kwa lita. Ya pili ni 124. Uliyoiona rahisi ndiyo ghali. Viwanda vinajua kwamba mnunuzi hukumbuka bei kuliko kipimo, kwa hiyo bei inapogoma kupanda, pakiti ndiyo inayokonda. Sabuni, biskuti, boflo, majani ya chai, vyote vinaweza kukonda namna hiyo bila tangazo lolote. Ndiyo sababu ya ile safu ya kipimo kwenye daftari.

Mafuta yana mtego wake. Ya maji huuzwa kwa lita, ya kuganda huuzwa kwa kilo, na lita si kilo. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Chupa ya lita moja ikiwa 330, kwa kilo unalipa karibu 359. Kopo la kilo moja la mafuta ya kuganda likiwa 340, ndilo nafuu ingawa lebo yake imeandikwa namba kubwa zaidi. Kiafya ni hesabu nyingine, na mwenye presha nyumbani aifanye hiyo kwanza.

Usiamini kwamba pakiti kubwa lazima iwe nafuu. Mara nyingi ni kweli, ndiyo maana uongo wake haukamatwi. Nimekuta pakiti mbili za kilo moja za sukari zikiwa chini ya pakiti moja ya kilo mbili, rafu ile ile, siku ile ile.

Vya kopo, soma uzito wa kitu chenyewe baada ya kumwaga maji. Kopo la maharagwe la gramu 400 linabaki na maharagwe kama gramu 240. Kilo moja ya maharagwe makavu ikichemshwa hufika karibu kilo mbili na nusu, yaani makopo kama kumi. Ongeza gesi au makaa ya kuchemshia, bado hakuna ushindani, hasa ukiloweka usiku kucha.

Na tusiwasahau wanaonunua kadogo, maana ndio wanaolipa ghali kuliko wote mjini. Mafuta ya kupima ya shilingi 20, kipimo kikiwa mililita 50, ni shilingi 400 kwa lita. Aliye na 330 mkononi anapata lita ile ile kwa 70 pungufu. Mwenye kipato cha siku hanunui kadogo kwa kutojua hesabu. Ni kwamba 330 haijakaa mfukoni mwake kwa pamoja. Dawa ya hilo iko hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kila kitu na duka lake

Supamaketi ina vitu inavyovishinda vyote: unga wa pakiti siku za ofa, sukari, maziwa ya muda mrefu, sabuni. Mboga na matunda yake, isipokuwa siku moja moja za ofa, ni bei ya kiyoyozi. Mimi nyanya, vitunguu, nazi, ndizi na pojo nanunua Kongowea, soko kubwa la hapa Mombasa, na mchicha kwa mama wa pale kona.

Kongowea ukifika alfajiri unakuta malori yanashusha na bei ya jumla inasikika. Ukifika saa nne unakuta mchuuzi amenunua kwa mchuuzi. Pale kipimo ni fungu, mkebe na ndoo, na mkebe una siri zake: tazama kitako kama kimebonyezwa ndani, tazama kama muuzaji anajaza kilima juu au anapangusa na kiganja. Mimi nina ile mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia mabegi ya safari. Mara ya kwanza niliyoitoa muuza viazi alicheka hadi akakaa chini. Siku hizi akiniona ananiongezea viwili kabla sijafungua mkoba.

Sasa chama. Wanawake sita wa ploti moja tulianza kuchanga kila wiki tukanunua mfuko wa sukari wa kilo 50 na dumu la mafuta la lita 20 kwenye duka la jumla. Kugawana ndiko kunakoleta ugomvi, kwa hiyo wekeni sheria mapema: mizani moja, anayepima hachukui wa kwanza, na asiyechanga wiki hii hagawiwi kwa mkopo. Tuligombana mara moja tu, kwa sababu ya dumu lililovuja.

Mahindi ya gunia na kinu cha kusaga ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, kwa sababu unga wa kinuni hauondolewi pumba wala kiini, karibu kila kilo inarudi. Lakini hapa nataka uwe mkali. Mahindi yasiyokauka hushika ukungu, na ukungu huo una sumu ya aflatoksini, ambayo kuchemsha sima hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao wa Ukambani. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa kuhifadhi ni asilimia 13.5 au chini yake. Bila kipima unyevu, shika punje, ing'ate: kavu huvunjika kwa mlio, bichi hubonyea. Kagua rangi ya kijani au nyeusi kwenye kiini, nusa gunia ndani, si juu. Ukipata harufu ya uvundo, achana nayo hata kwa nusu bei. Na unga wa kinuni usisage mwingi, kwani mafuta ya kiini huchacha. Wa wiki mbili unatosha.

Unga wa pakiti nao si kinga kamili: Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga kwa kuzidi kiwango cha aflatoksini. Ukitilia shaka bidhaa yoyote yenye alama ya ubora, tuma SM# ikifuatwa na nambari iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023, utajibiwa kama kibali ni cha kweli.

Hatua ya 4: Fuata msimu

Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo anayenunua gunia Desemba au Januari analipa kidogo kuliko anayengoja Juni. Mchele wa Mwea huingia sokoni kwa wingi mwisho wa mwaka. Samaki ni wengi wakati wa kaskazi; kusi kikianza kuvuma, bahari ikichafuka, ngarawa hukaa pwani na bei hupanda, basi huo ndio wakati wa dagaa wakavu na kunde. Vitunguu vingi tunavyokula hutoka Tanzania, na mpaka ukiyumba, vitunguu huyumba siku tatu baadaye. Havikai nyumba yenye unyevu kama zetu za pwani, kwa hiyo usijaze.

Ramadhani ina kalenda yake. Tende, sukari, tambi, unga wa ngano na ndimu hupanda wiki ile ya kwanza kila mwaka, na kila mwaka tunashangaa. Vya kukaa nunua Shaabani inapoanza. Ndimu kamua maji yake uyagandishe kwenye friza.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani

Kula kabla ya kwenda. Chukua orodha. Beba mfuko wako au kikapu, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mfuko wa kaunta ni pesa.

Vitu ghali hupangwa usawa wa macho. Inama, au nyoosha shingo. Vilivyopangwa mlima mwisho wa njia havimaanishi ni nafuu, vinamaanisha vimepangwa mlima. Ofa ikikuvutia, fungua daftari: kama bei ya "zamani" iliyofutwa kwa mstari mwekundu hujawahi kuilipa wala kuiona, basi haikuwahi kuwapo. Kisha soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Yogati tatu kwa bei ya mbili, zinazoisha kesho kutwa, ni ofa kwa nyumba ya watoto watano tu.

Kadi ya pointi chukua, haidhuru, lakini ijue thamani yake. Kama kila shilingi 100 inakupa pointi moja ya thamani ya shilingi moja, hiyo ni asilimia moja. Usivuke barabara mbili kwa asilimia moja huku sukari ya duka la pili ni nafuu kwa kumi.

Jambo jingine watu hawaulizi: ofa inalipwa na nani? Mara nyingi si supamaketi. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine Pwani Oil, watengenezaji mafuta wa huku kwetu. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni makato ambayo wasambazaji walitakiwa kuyatoa ili bidhaa zao zikae rafuni. Msambazaji aliyekamuliwa hutafuta pa kupumulia, na pa kwanza ni bei yake kwa duka dogo la mtaani, lisilo na ubavu wa kumkamua. Sikwambii usinunue ofa. Mimi nanunua. Ni vizuri tu ujue kwamba duka la kona halina roho mbaya kuliko supamaketi.

Kabla ya kwenda kaunta, piga picha lebo za vitu vitatu vinne vyenye bei kubwa. Picha ionyeshe lebo, jina la bidhaa na kipimo kwa pamoja. Sekunde kumi.

Hatua ya 6: Kaunta na risiti

Mwambie keshia unataka kuona kioo anapopitisha. Akipitisha haraka, sema tu, "Taratibu mwanangu, sina haraka." Ukilipa, usiondoke. Sogea pembeni, simama na risiti, fuata mambo haya: idadi ya kila kitu (makosa ya kupitishwa mara mbili ni mengi kuliko ya bei), bei dhidi ya picha zako, uzito wa vilivyopimwa, kama ofa imekatwa kweli, na chenji. Peremende si chenji. Kama hawana shilingi, walipe wao, au watume kwa M-Pesa, au waiandike kwenye kadi yako.

Kwenye kodi, kumbuka kwamba bei ya rafuni tayari ina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani yake. Kuijua iliyomo, zidisha bei kwa 16 ugawanye kwa 116: sabuni ya shilingi 290 ina 40 ya serikali. Unga wa mahindi na boflo la kawaida havitozwi VAT, kwa hiyo ukiona vimewekewa alama ile ile ya sabuni, uliza. Herufi za kodi hutofautiana kwa mashine, lakini ufunguo wake huchapishwa chini ya risiti.

Hatua ya 7: Kulalamika mpaka upate jibu

Siku ile ya mchele nilirudi kaunta ya huduma kwa wateja. Kijana aliyekuwapo alitazama risiti, akatazama mchele, akasema, "Mama, bei imebadilika jana, lebo haijabadilishwa." Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nikamwambia, "Sawa mwanangu, mimi nimenunua kwa bei ya lebo." Akasema mfumo ndio unaoamua. Nilikuwa sina picha, kwa hiyo tukafuatana hadi rafuni. Lebo ilikuwa pale pale, 899, na chini yake bibi mmoja anapakia mifuko miwili kwenye toroli. Yule bibi ndiye aliyemwita meneja, kwa sauti. Meneja alinirudishia hamsini bila maneno, na lebo ikang'olewa mbele yetu. Waliolipa 949 tangu asubuhi, Mungu anawajua.

Nilijifunza mambo mawili. Kwanza, nenda na ushahidi. Picha ingenipunguzia dakika ishirini. Pili, keshia hana uwezo wowote, usimfokee. Omba meneja wa tawi kwa adabu na usitoke hapo mpaka aje.

Ujue pia sheria inasimama wapi, usije ukadai lisilokuwapo. Lebo ya rafuni kisheria ni mwaliko, si mkataba. Kabla hujalipa, duka linaweza kukataa kukuuzia kwa bei hiyo, nawe unaweza kuacha mzigo. Lakini kutangaza bei ya uongo au ya kupotosha kumekatazwa na kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, na Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari unazohitaji ili ufaidike na bidhaa, na kulindwa maslahi yako ya kiuchumi. Ukilitaja hilo kwa utulivu, mazungumzo hubadilika.

Wakikataa kabisa, andika siku hiyo hiyo. Maneno haya yanatosha:

"Tarehe fulani, saa fulani, tawi fulani, nilinunua [bidhaa na kipimo]. Lebo ya rafuni ilisema shilingi X, nikatozwa Y. Nimeambatanisha picha ya lebo na nakala ya risiti nambari Z. Nilizungumza na meneja wa tawi, akanijibu hivi. Naomba nirudishiwe tofauti, na lebo zirekebishwe, ndani ya siku saba."

Itume kwa anwani ya makao makuu, si ya tawi. Siku saba zikipita, peleka barua hiyo hiyo Mamlaka ya Ushindani, ambayo ina idara ya kulinda walaji. Ikiwa kosa ni la uzito, mfano unga wa kilo mbili ulio na kilo moja na gramu mia nane, mlango wako ni maafisa wa vipimo wa kaunti, na usiufungue mfuko. Ikiwa ni ubora, ni KEBS. Mahakama ya Madai Madogo ipo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, lakini kwa hamsini ya mchele sikushauri. Chama kizima kilichouziwa magunia mabovu, hapo ndiyo.

Hatua ya 8: Peleka daftari Bungeni

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na Mei wananchi huitwa watoe maoni. Wengi husubiri hadi Juni, mambo yameshaiva. Mwaka 2024 mswada ulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya mimea. Tarehe 18 Juni mambo hayo mawili yaliondolewa, wiki moja kabla ya siku vijana waandamanaji walipoingia Bungeni; kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada wote.

Maoni hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, kwa mkono, posta au barua pepe, kama tangazo la gazetini litakavyoelekeza. Kurasa nyingi hazihitajiki. Taja kifungu, sema unataka kifutwe au kibadilishwe vipi, kisha weka hesabu: nyumba yangu ya watu sita hununua maboflo manne kwa wiki, kwa bei hii, kodi hii itatuongezea kiasi hiki kwa mwezi. Sisi wa ploti tuliandika yetu kwa majina sita, kila mmoja na safu yake ya bei za miezi mitatu, zimenakiliwa kutoka kwenye daftari kwa kalamu ya bluu. Mkipiga chapa, acheni nafasi ya sahihi na nambari za vitambulisho, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.